Kabla ya Kupanda Burj Khalifa, Shuka Shindagha

Mgeni anayetua Dubai kwa mara ya kwanza huelekezwa juu. Awe mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh aliyekuja kufunga mzigo, awe abiria mwenye saa nyingi za kusubiri ndege ya pili, awe mfanyakazi wa huko huko aliyepata siku yake ya mapumziko, ushauri ni ule ule: panda Burj Khalifa, piga picha, kisha zunguka madukani hadi miguu iume. Si ushauri mbaya, ila ukishuka kutoka ghorofa ya 124 utakuwa umeona mji ulivyo mrefu bila kujua umetokea wapi. Mwongozo huu unageuza mpangilio. Anza chini, kwenye mdomo wa hori la Dubai, katika Jumba la Makumbusho la Al Shindagha, na ndani ya jumba hilo anza na sehemu inayosimulia kuzaliwa kwa mji kwa filamu, sauti na skrini. Kisha toka nje, ukapime kwa macho na miguu yako ulichosimuliwa. Agizo hili la pili ndilo lenye uzito zaidi. Onyesho la medianuwai ni dai linalotolewa mbele yako kwa ufundi mkubwa, na anayeliacha pale pale chumbani bila kulipima amenunua nusu ya tiketi.

Kufika ni rahisi, kwa hiyo tulimalize hilo. Ukitokea uwanja wa ndege, panda metro ya mstari mwekundu, badilisha Union au BurJuman uingie mstari wa kijani, ushuke stesheni ya Al Ghubaiba. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi mtaa wa Shindagha, ulioko kwenye ulimi wa ardhi kati ya hori na bahari, upande wa Bur Dubai. Usitarajie jengo moja kubwa lenye mlango wa kioo. Jumba hili ni mtaa mzima: nyumba za zamani zenye nyua, zilizogawanywa kwa mada, moja ya hori, nyingine ya bahari, ya ufundi, ya tiba za asili, ya manukato, na kadhalika, nawe unatoka nyumba hii kuingia ile kupitia vichochoro. Saa za kufungua na bei ya tiketi hubadilika, hasa mwezi wa Ramadhani, basi zitazame kwenye tovuti ya jumba asubuhi ya siku unayokwenda. Tenga saa tatu. Ukiwa na moja tu, ingia nyumba ya hori, uache nyingine zote bila majuto.

Kwa nini filamu itangulie? Kwa sababu historia ya Dubai ni historia ya maji kina chake kinapobadilika, na hilo halionekani kwa macho ya mtu aliyesimama ukingoni leo. Hori unaloliona lina kingo za saruji na kina cha kutosha meli ndogo, kana kwamba ndivyo lilivyoumbwa. Miaka ya 1950 mdomo wake ulikuwa unajaa mchanga, na vyombo vikubwa vilitia nanga nje, mizigo ikashushwa kwa mashua. Jirani yake Sharjah alikumbwa na tatizo hilo hilo na bandari yake ikadhoofika. Kati ya 1959 na 1961 mtawala wa Dubai, Sheikh Rashid bin Saeed, aliagiza hori la Dubai lichimbwe, na gharama zikalipwa kwa mkopo kutoka Kuwait pamoja na hati za dhamana walizouziwa wafanyabiashara wa mji wenyewe. Maelezo hayo ukiyasoma kwenye kibao hubaki maneno. Ukiona picha za angani za mji wa wakati ule, nyumba chache zimeshikana kando ya maji na jangwa limetanda nyuma yake, halafu hori likapanuka na vyombo vikaongezeka mbele ya macho yako, unaelewa kwa dakika chache jambo ambalo kitabu kingehitaji ramani tano kulieleza. Mabadiliko ya ardhi na maji kwa miaka mingi ni kazi ambayo picha inayotembea huifanya vizuri kuliko chombo kingine chochote.

Wapo watakaosema hii ni burudani iliyovikwa joho la elimu: taa zikizimwa na muziki ukipigwa, mtu husisimka akadhani amejifunza. Pingamizi hili lina haki yake. Muziki wa filamu za namna hii kwa kawaida unajua mapema wapi unataka ushangae, na hakuna anayeruhusiwa kunyanyua mkono katikati ya onyesho kuuliza swali. Lakini kosa la pingamizi ni kudhani kwamba makumbusho ya kabati na vibao hayana muziki wake. Chungu kilichowekwa peke yake ndani ya kioo chini ya taa nacho kimechaguliwa, kimetengwa na vyungu mia vilivyobaki stoo, na kimepewa maneno ishirini ya maelezo na mtu asiyetia saini. Tofauti ni kwamba filamu inajitangaza wazi kuwa imetungwa. Mtazamaji makini anaweza kuitumia hali hiyo kwa faida yake, akaanza kuuliza maswali ambayo mbele ya kabati asingeyakumbuka.

Basi ingia na maswali. La kwanza na muhimu kuliko yote ni lipi lilitangulia. Karibu kila mtu anayekwenda Dubai anaamini kwamba mji ulijengwa na mafuta, na kila kitu kingine kikafuata. Shika tarehe kichwani unapotazama. Mwaka 1833 watu wapatao 800 wa Al Bu Falasah, tawi la kabila la Bani Yas, walihama Abu Dhabi wakakaa kando ya hori hili, wakiongozwa na Maktoum bin Butti na Obaid bin Said. Ukoo wa Maktoum ndio unaotawala hadi leo. Mwanzoni mwa karne ya 20, bandari ya Lingah upande wa pili wa Ghuba ilipobanwa na ushuru wa serikali ya Uajemi, mtawala wa Dubai, Sheikh Maktoum bin Hasher, alifanya kinyume: akaondoa ushuru, na wafanyabiashara wakavuka maji wakaja na mitaji yao. Hori likachimbwa kuanzia 1959. Mafuta yaligunduliwa 1966 na kuanza kuuzwa nje 1969. Kwa hiyo uamuzi wa ushuru ulitangulia mafuta kwa zaidi ya nusu karne, na uchimbaji wa hori uliyatangulia kwa miaka kadhaa. Hii haimaanishi kwamba mafuta hayakuwa na maana. Bila fedha zake, Bandari ya Rashid na baadaye Jebel Ali, iliyofunguliwa 1979, zisingejengwa kwa kasi ile. Lakini mji ulikuwa umeshachagua biashara kabla ya kupata utajiri wa kuifanya kwa ukubwa. Mtu wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, ambako mjadala wa bandari na ushuru hauishi, ana sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini kuliko mtalii wa kawaida.

Swali la pili: uamuzi ulikuwa wa nani, na kazi ilikuwa ya nani? Hapa filamu ya kukaribisha wageni, popote duniani, huwa dhaifu. Husimulia viongozi kwa majina na wengine wote kwa mikono: mikono inayovuta kamba, mikono inayofungua chaza. Lulu ndiyo iliyoilisha Dubai kabla ya kila kitu kingine, hadi lulu za kukuzwa za Japani, zilizoanzishwa na Mikimoto, na mdororo wa uchumi wa dunia baada ya 1929 vilipoivunja biashara hiyo. Msimu wake ulikuwa miezi ya joto kali, mpiga mbizi akishuka mara nyingi kwa siku, puani kabanwa kibano na mguuni kafungwa jiwe. Alipewa fedha kabla ya msimu, na mara nyingi alirudi bado anadaiwa, deni likamfunga kwa nahodha mwaka baada ya mwaka. Na si wote waliokwenda kwa hiari. Mwanahistoria Matthew Hopper, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu utumwa wa Ghuba, ameonyesha jinsi Waafrika waliofanywa watumwa walivyobeba sehemu kubwa ya kazi katika lulu na tende, wengi wao wakiwa wametolewa pwani yetu au ni watoto wa waliotolewa huko. Maelezo ya mamia yao waliokimbilia kwa mawakala wa Uingereza kuomba hati za uhuru, mpaka ndani ya karne ya 20, yamehifadhiwa katika kumbukumbu za India Office zilizoko London.

Mtu anaweza kusema: hili ni jumba la serikali, litajisifu, kuna haja gani ya kulipia sifa? Jibu ni kwamba sauti ya mwenye nyumba nayo ni ushahidi, mradi uichukue kama sauti ya mwenye nyumba. Ukitaka kujua Dubai inapenda kukumbukwa vipi, hakuna mahali bora kuliko hapa, na kujua hilo kunakusaidia kuuelewa mji zaidi ya kupanda mnara wowote. Tena usiamini haraka kwamba jumba la serikali katika Ghuba haliwezi kugusa donda. Doha, nchini Qatar, ina nyumba ya Bin Jelmood, sehemu ya makumbusho ya Msheireb yaliyofunguliwa 2015, ambayo mada yake yote ni utumwa katika Bahari ya Hindi na Ghuba, nayo inatumia filamu na skrini vile vile. Kumbe chombo chenyewe hakimlazimishi mtu kunyamaza. Msafiri anayepitia miji yote miwili atafaidika akiyatazama majumba haya kwa pamoja, akilinganisha kinachopewa chumba kizima na kinachopewa sentensi moja. Ukiwa Shindagha, kwenye maelezo ya lulu na bahari, fanya hesabu hiyo hiyo: nani ana jina, nani ana sura bila jina, na nani hata sura hana.

Sasa inua macho. Ushauri huu unamfaa zaidi msomaji wa pwani, na hauhitaji skrini. Nyumba za zamani za Shindagha, ikiwemo ile ya mtawala Sheikh Saeed iliyojengwa 1896, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na miti myembamba iliyopangwa karibu karibu, juu yake mikeka na udongo. Miti hiyo ni boriti. Watu wa Ghuba huiita chandal, na kwa karne nyingi ilitoka kwenye mikoko ya Lamu na delta ya Rufiji. Majahazi ya Ghuba yalishuka na kaskazi yakileta tende, chumvi na samaki wakavu, kisha yakarudi na kusi yamejaza boriti. Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, aliandika kwa kirefu jinsi mabaharia walivyopakia miti ndani ya delta ya Rufiji, katika matope na mbu, ili ikauzwe nchi isiyo na miti. Biashara hiyo ilififia saruji na chuma vilipoingia, na Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Upana wa chumba ulitegemea urefu wa mti, ndiyo maana vyumba vya zamani hapa ni virefu na vyembamba, kama vyumba vya nyumba za mawe za Lamu. Ukipima kwa hatua zako utaona ni hatua chache tu kutoka ukuta hadi ukuta. Hapa dai la filamu, kwamba mji ulizaliwa na bahari, linapata ushahidi ambao mtu anaweza kuutazama juu ya kichwa chake. Na linapata nyongeza ambayo huenda mtalii wa Ulaya aliye kando yako asiitambue, kwamba ile bahari ilikuwa na upande wa pili, na upande huo ulisimamisha paa la huu.

Utaambiwa, na ni kweli, kwamba sehemu kubwa ya mtaa huu imekarabatiwa na nyumba nyingine zimejengwa upya. Wengine hulichukulia jambo hili kama kashfa: tunaonyeshwa kuta mpya tukiambiwa ni za kale. Lakini mtaa wa matumbawe ulioachwa kando ya maji ya chumvi hauna njia ya tatu. Ama unatengenezwa tena na tena, ama unaanguka, na wakazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, waliokwisha kuona sehemu ya Beit el-Ajaib ikiporomoka mwishoni mwa 2020, hawahitaji kuelezwa hilo. Linalofaa ni kutofautisha. Tazama boriti: zile za zamani zina mikunjo, unene usiolingana na weusi wa moshi au wa umri. Tazama plasta: ile laini kupita kiasi, yenye kona zilizonyooka kwa rula, ni ya jana. Kisha tembea kando ya hori hadi Al Fahidi, mtaa ambao awali uliitwa Bastakiya kwa sababu ya wafanyabiashara waliotoka Bastak, ng'ambo, katika wimbi lile lile lililosukumwa na ushuru. Minara yao ya upepo bado inasimama. Ukisimama chini ya mmoja wakati kuna upepo, utahisi hewa ikishuka, na utajua kwamba wageni hawa walileta mitaji pamoja na namna ya kuishi na joto.

Nyumba ya manukato ndani ya jumba la Shindagha inastahili neno moja. Kwa mtu aliyelelewa na udi, ambari na marashi, chombo cha kunusia harufu kwa kubonyeza si ajabu kubwa, na anaweza kuona mambo hayo yameandaliwa kwa watu wasiowahi kufukiza nguo. Ingia kama una muda. Kama huna, nusa udi wa kweli sokoni Deira, ng'ambo ya hori, ambako muuzaji atakuchomea kipande bure akitumaini utanunua.

Na Deira ndiko unakopaswa kumalizia, kwa abra, mashua ya kuvusha abiria. Nauli ya chombo cha kawaida ni dirhamu 1, na usafiri wenyewe ni wa dakika chache, nao ni sehemu ya somo: kabla ya daraja la Al Maktoum kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtu aliyetaka kuvuka angepanda abra au angezunguka hadi mwisho wa hori. Ukiwa katikati ya maji geuka utazame mdomo uliochimbwa, halafu ng'ambo. Hapo utaweza kujibu mwenyewe kama filamu ilitia chumvi au la. Majahazi bado yapo, ingawa sehemu ya shughuli imehamishiwa karibu na bahari kuu, na shehena ya friji, matairi na mablanketi bado inakwenda Iran na Somalia bila kupita kwenye makontena ya Jebel Ali.

Kuna anayeuliza kwa nini asitazame filamu za historia ya Dubai kwenye simu akiwa kitandani, akaokoa tiketi na jua. Atapata tarehe, bila shaka, na kwa mtu asiye na nafasi ya kusafiri hilo si haba. Atakachokosa ni umbali. Filamu ya Shindagha inapimika kwa sababu hori liko mlangoni. Anayeitazama Morogoro hana mahali pa kuipeleka. Kwa sababu hiyo hiyo, usifanye kosa la kuijaza siku kwa kuunganisha maonyesho matatu ya skrini mfululizo, Shindagha asubuhi, Jumba la Etihad mchana, Museum of the Future jioni. Jumba la Etihad, lililofunguliwa 2017 mahali ulipotiwa saini muungano wa Falme za Kiarabu mwaka 1971, ni zuri kwa siku nyingine, kwa anayetaka siasa za muungano. Kwa siku moja, onyesho moja na matembezi marefu yanatosha.

Yaliyobaki ni ya mwili. Kuanzia Juni hadi Septemba joto hupita nyuzi 40, na kuhama nyumba hadi nyumba ni kutembea juani. Nenda mapema asubuhi ukaanze na vyumba vyenye viyoyozi, au nenda alasiri ili utoke kwenda kwenye hori jua likiwa limelegea. Chukua maji. Vaa nguo za heshima, kwa kuwa mtaa una misikiti na watu wanaoswali. Maelezo yameandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza, kwa hiyo ukiwa na mzazi au mwenzako asiyesoma lugha hizo, itazame filamu kwanza pamoja naye bila kutafsiri, kisha umsimulie mkiwa uani, kivulini. Kunong'ona gizani kutamnyima picha na maneno pia. Watoto wa chini ya miaka sita hupenda skrini na huchoshwa na vibao, basi usiwalazimishe zaidi ya nyumba mbili. Na kama filamu inaonyeshwa kwa mzunguko na chumba hakijajaa, itazame mara mbili: mara ya kwanza kabla ya vyumba vingine, mara ya pili baada ya kutazama dari. Mara hiyo ya pili usifuate hadithi, tafuta boriti.